Kabla hamjahamisha michoro kwenda mfumo mpya

Wadogo zangu mnaoingia biro ya michoro hapa Lubumbashi, siku shefu akisema tunahamia programu mpya ya kusimamia michoro, msihangaike sana kama faili zitafunguka. Nyingi zitafunguka. Shida ni kama zitatambuana.

Asembli ya SolidWorks, programu yetu ya kuchorea, yaani faili inayounganisha vipande vya mashine nzima, haibebi vipande vyenyewe, inabeba anwani zake: diski ipi, folda ipi, jina lipi. Ukihamisha folda, anwani zinapotea. Hilo nililijua. Lililonipiga chenga ni majina. Kwenye seva ya zamani kila mchoraji alikuwa na faili yake iitwayo "Support", yaani kikalio, na miaka yote hazikugombana kwa sababu kila moja ililala kwenye folda yake. Tulipozimimina pamoja, nikafungua pampu ya mgodi nikakuta ndani yake kikalio cha rola za konveya, kimening'inia hewani. Programu ikikuta faili yenye jina inalolitafuta tayari imefunguliwa, huichukua hiyo hiyo. Haiulizi we ni mtoto wa nani. Tulicheka siku hiyo, lakini mchoro ule ungefika karakana ya Kampemba bila kutazamwa, sijui nani angecheka. Kwa hiyo majina kwanza, na mbadilishe majina kutoka ndani ya programu ya kuchorea, siyo kwenye folda za Windows, ili asembli nazo zipate habari.

Halafu Excel. Orodha ya vipande huwa inapita humo kabla ya kuingia mfumo mpya, na humo ndimo namba zinapoharibikia. Kipande 00417 kinakuwa 417. Namba 12E5 inageuka milioni moja na laki mbili, kwa kuwa Excel inaisoma E5 kama "mara kumi kwa kipeo cha tano". Sisi tunaoandika desimali kwa mkato Kifaransa-Kifaransa, programu iliyozoea nukta inaweza kusoma 12,5 kuwa 125. Na "réducteur" inatokea "rÃ©ducteur": faili ilihifadhiwa kwa UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuandika herufi, ikasomwa kwa herufi za Windows za zamani. Safu zote za namba za vipande zipeni umbo la maandishi kabla ya kuingiza chochote.

Indisi, yaani herufi za toleo la mchoro (A, B, C), ndizo zilizotuchukulia muda mrefu zaidi. Mfumo mpya unataka indisi moja inayotumika; seva ilikuwa na "arbre_C", "arbre_C_final", "arbre_C_final_bon". Faili ya mwisho kwa tarehe si lazima iwe ndiyo iliyotiwa sahihi. Tulimwita papa mmoja wa karakana aliyekaribia pensheni, akaja na nakala zake za karatasi zenye madoa ya grisi, tukalinganisha vipimo kimoja kimoja. Tulimnunulia Fanta tu, tena moja.

Atatokea mtu wa kusema geuzeni zote ziwe STEP, aina ya faili inayofunguka kwenye programu nyingi za kuchorea, yaishe. STEP inabaki na umbo, lakini hatua za kulijenga zinapotea. Ukitaka kupanua tundu kesho utaanza kuhangaika. Mpe fundi wa nje, sawa. Kipande mnachokirekebisha kila mwaka, hapana.

Jaribio lenu lianzie kwenye mashine chafu kuliko zote, ile iliyopita mikononi mwa wachoraji watano. Demo ya muuzaji huwa na vipande kumi visafi.

Na seva ya zamani msiizime, ifungeni isomeke tu. Yetu bado iko chini ya meza ya shefu. Juzi nimeifuata kwa ajili ya gia moja ambayo kwenye mfumo mpya haina meno.