Nilimnunulia mama godoro gumu, sasa nyonga zinamuuma

SWALI: Shikamoo anti. Niko Tabata Segerea, mwaka huu nimemleta mama kutoka Korogwe akae na mimi, ana miaka 76. Nikaenda Kariakoo nikamnunulia godoro jipya nne kwa sita, inchi 8, nikasisitiza wanipe gumu kabisa maana kila mtu anasema gumu ndo zuri kwa mgongo. Sasa kila asubuhi analalamika bega na nyonga, kuna siku saa tisa usiku nimemkuta kakaa kwenye kiti sebuleni. Dada yangu anasema ninunue lile laini la kuzama. Nifanyeje na hela yenyewe imeshaisha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeumia kusikia mama anakesha kwenye kiti, na hujakosea kwa kutojali, umefanya kile tunachoambiwa wote. Ila hiyo habari ya gumu kabisa ilishapimwa. Mwaka 2003 jarida la madaktari la Lancet lilitoa utafiti wa Hispania, watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, wengine wakalalia gumu wengine gumu kiasi, na baada ya siku 90 wa gumu kiasi ndo walikuwa na nafuu zaidi wakiwa kitandani na wakiamka.

Kwa mzee kuna jambo jingine. Mtu akilala ubavu uzito mwingi unakaa begani na kwenye nyonga, sasa ujanani hapo pana nyama, uzeeni nyama zimepungua na ngozi imekuwa nyembamba, mfupa uko karibu kabisa na godoro, na godoro lisipobonyea hata kidogo zile sehemu mbili ndo zinabeba kila kitu huku kiuno kinaning'inia. Damu inabanwa, panauma, anageuka, panauma tena upande wa pili, mwisho anaona bora kiti.

La kuzama usinunue, dada yako anisamehe. Mzee akizama hawezi kujigeuza, na akitaka kwenda chooni usiku hana pa kujisukumia, ukingo unalala naye chini, hapo ndo watu wanaanguka.

Hilo godoro usiliuze. Tafuta sponji laini kiasi ya inchi 2, mafundi sofa wanakukatia kwa saizi yako, tandika juu yake. Alafu mpime: akiwa chali pitisha kiganja chini ya kiuno, kikipita hovyo bado gumu, kikigoma kabisa limekuwa laini mno. Muuzaji akikwambia hai densiti usidhani ndo ugumu, densiti ni uzito wa sponji yenyewe, inahusu zaidi litadumu kiasi gani.

Angalia na urefu maana umeongeza inchi mbili, akikaa ukingoni nyayo zitue chini zote na magoti yalingane na nyonga, kitanda kikiwa kirefu fundi seremala akipunguze miguu. Na kama ile nailoni ya dukani bado iko juu ya godoro itoe, tafadhali, kwa joto hili la Dar analala kwenye jasho na ngozi iliyolowa inachubuka upesi. Shuka la pamba linatosha.

Ukimwogesha au akikuruhusu, mkague nyonga, visigino na juu ya makalio. Kwa ngozi zetu nyeusi usisubiri wekundu, tafuta pamekuwa peusi kuliko pengine, pana joto au pamekuwa pagumu, na rangi hiyo haiondoki hata akishageuka. Ukiona hivyo asilalie tena hapo na mpeleke hospitali, ni mwanzo wa kidonda cha mgandamizo. Na kama nyonga inamuuma hata mchana akitembea, au aliwahi kuanguka, mpeleke pia, hilo sio la godoro tena.

Kwa leo usiku, kabla hujapata sponji, muwekee mto katikati ya magoti akilala ubavu.