Pitia Kwenye Moli Kwanza: Kwa Wanaoanza Hesabu za Kemia

Kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote kwenye madaftari ya vijana wa kidato cha tatu si la kuzidisha wala kugawanya. Mwanafunzi anapewa mlinganyo huu:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Anaulizwa: ukichoma gramu 250 za CaCO₃ (kalsiamu kabonati, ndiyo iliyomo kwenye matumbawe), utapata gramu ngapi za chokaa, yaani CaO? Anaona ni moja kwa moja, anaandika 250. Kumbe wachoma chokaa wa pwani, wanaotia matumbawe tanurini, wanajua fika kwamba jiwe hutoka jepesi kuliko lilivyoingia. Sehemu yake imepaa na hewa.

Namba za mlinganyo zinahesabu chembe, mizani inapima uzito. Fikiria trei ya mayai ya kuku na trei ya mayai ya kware. Zote zina mayai 30, lakini ukizipima hazilingani hata kidogo. Moli ni trei ya mkemia, ila idadi yake ni kubwa mno: chembe 6.02 × 10²³. Uzito wa "trei" moja unaupata kwa kujumlisha uzito wa atomu. Kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni 16 mara tatu: moli moja ya CaCO₃ ni gramu 100. CaO ni 56, CO₂ ni 44.

Basi safari ni hii: gramu za ulichonacho, moli zake, moli za unachotafuta, halafu gramu zake. Gramu 250 gawanya kwa 100, moli 2.5. Uwiano ni 1 kwa 1, kwa hiyo CaO nayo ni moli 2.5. Zidisha kwa 56, unapata gramu 140. Andika kizio kando ya kila namba, hata kama mwalimu hajakudai, kwa sababu ukigawanya pale pa kuzidisha, vizio vitakataa kufutana na utaliona kosa papo hapo.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa wengi wanadanganyika. Chukua propani, mojawapo ya gesi za mitungi ya kupikia:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Umeunguza gramu 11. Ukiruka moli na kuzidisha gramu kwa 3, utapata gramu 33 za CO₂, na jibu litakuwa sahihi! Ni sadfa tu: propani na CO₂ zote zina gramu 44 kwa moli. Nimemwona mwanafunzi akipata tiki kwa njia hii, akaiamini, ikamwangusha kwenye swali lililofuata. Mjaribu huyo kwa maji: atazidisha kwa 4 na kusema gramu 44. Njia ya kweli inasema 11 ÷ 44 = moli 0.25, mara 4, moli 1 ya maji, gramu 18.

Utajuaje hujakosea? Jumlisha pande zote mbili. Oksijeni iliyotumika ni moli 1.25, yaani gramu 40. Ongeza 11, unapata 51. Upande wa pili, 33 na 18 ni 51. Kwenye chokaa nako, 140 na 110 za CO₂ zinarudisha 250. Hakikisho hili halifiki dakika moja, nami sijaelewa kwa nini linafundishwa kwa nadra.

Swali likitaka ujazo wa gesi badala ya gramu, mwendo ni uleule hadi kwenye moli. Mwishoni unazidisha kwa lita 22.4 kama hali ni nyuzi 0 na kanieneo ya atmosfia 1, au kwa 24 kama ni joto la chumba. CO₂ ya tanuri letu, moli 2.5, ni lita 56 au 60. Soma swali limetaja hali ipi kabla hujagusa kalamu.

Jaribu hili mwenyewe bila kuangalia juu: gramu 5.6 za CaO zimetokana na gramu ngapi za CaCO₃? Ukipata 10, endelea na maswali ya kiathirika kikomo, yaani kile kinachokwisha kwanza na kusimamisha mmenyuko.