Muhimbili kabla haijaitwa Muhimbili

Mama yangu alilazwa jengo la Sewahaji pale Muhimbili. Huyo Sewahaji alikuwa nani? (Msomaji, Temeke)

Pole kwa kuuguliwa. Ni Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara Mwismaili mzaliwa wa Zanzibar. Utajiri wake aliupatia Bagamoyo, akiwauzia wasafiri wa bara vitambaa na shanga na kuwatafutia wapagazi. Mwaka 1892 alijenga shule hapo Bagamoyo, ikapokea watoto bila kujali rangi. Akatoa pia fedha za hospitali ya Waafrika na Wahindi Dar es Salaam. Alifariki 1897, lakini hospitali ilibaki na jina lake kwa zaidi ya nusu karne, na humo ndimo ilimozaliwa Muhimbili. Kwa hiyo ndugu wanapoambizana getini "amelazwa Sewahaji", wanamtaja mtu aliyestahili kutajwa.

Kwa nini isiwe ya wote? Wazungu walitibiwa wapi?

Ocean Road, lile jengo jeupe la ufukweni la mwaka 1897. Veranda zake pana zimeelekezwa baharini ili mgonjwa apate upepo. Robert Koch, bingwa wa vijidudu, alichunguza malaria Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo. Ila tukisifu jengo tuseme na hili: mweusi hakulazwa humo. Waingereza walipochukua nchi, utaratibu ukabaki uleule, kila rangi na hospitali yake, nami naona ni aibu isiyopaswa kufunikwa kwa sifa za usanifu. Tangu 1996 Ocean Road ni taasisi ya saratani, na wagonjwa wake wanatoka kila pembe ya nchi.

Bibi husema "Princess Margaret". Ni hospitali nyingine?

Hapana, ni Muhimbili hiyohiyo. Jina hilo ni la 1956, mdogo wake Malkia Elizabeth alipotembelea Tanganyika. Baada ya uhuru likaondolewa.

Baba anadai alisoma Muhimbili. Si hospitali tu?

Baba yuko sahihi. Shule ya udaktari ilianza 1963, na mwaka 1976 chuo na hospitali vikawekwa chini ya uongozi mmoja. Baadaye vilitenganishwa: hospitali ikawa ya taifa kwa sheria ya mwaka 2000, chuo kikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) 2007. Eneo hilohilo lina MOI ya mifupa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kila moja na uongozi wake. Ukimpeleka mgonjwa, soma vizuri karatasi ya rufaa kabla hujapanga foleni.