10000 inapogeuka 16787216

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Programu yangu ya C hupokea rekodi za baiti 5, kila moja ikiingia mwanzoni mwa bafa ileile: baiti ya kwanza ni aina, nne zinazofuata ni thamani. Kwenye kompyuta yangu ya x86-64 haina shida. Nikiikompaili kwa ajili ya bodi ya ARM926 yenye Linux, haianguki, ila thamani 10000 inatoka 16787216. Rekodi ya aina ya 2 yenye thamani hiyohiyo inatoka 33564432. Nasoma hivi: *(uint32_t *)(bafa + 1). Nimejaribu ntohl, inayogeuza mpangilio wa baiti, mambo yakaharibika zaidi. Je, kompaila ina hitilafu?

JIBU: Marahaba. Kompaila haina kosa, iache. Na asante kwa kuleta namba zenyewe. Wengi huniandikia tu kwamba "inaleta takataka", nami nabaki kupiga ramli.

Toa 10000 kwenye 16787216. Inabaki 16777216, yaani 2 kwa kipeo cha 24. Kwa aina ya 2, inabaki mara mbili ya hapo. Umeona? Baiti ya aina imejipenyeza ikakalia nafasi ya juu kabisa ya thamani yako.

ARM926 ni ya kizazi cha ARMv5, na amri yake ya kupakia biti 32 hutaka anwani inayogawanyika kwa 4. Ukiipa bafa + 1 hailalamiki: huchukua baiti nne kuanzia mwanzo wa bafa, kisha huzizungusha kulia kwa biti 8. Kwa namba za msingi wa 16, ambako 10000 ni 2710, zinaingia 01 10 27 00, inatoka 0x01002710. Prosesa za x86 hupokea anwani yoyote kwa upakiaji wa namna hii, ndiyo maana hukushtuka mapema. Kwenye prosesa za SPARC programu ingeuawa papo hapo kwa SIGBUS, ishara ya kosa la anwani, na mimi ningechagua hiyo kuliko namba ya uongo inayopita kimya.

Ondoa ntohl, mpangilio wa baiti ulikuwa sawa tangu mwanzo. Andika:

uint32_t v; memcpy(&v, bafa + 1, sizeof v);

Usiogope kasi. Ukiwasha uboreshaji, kompaila ya GCC kwenye x86 huigeuza kuwa upakiaji mmoja tu. Kwenye ARMv5 itasoma kwa njia salama. Struct yenye sifa ya packed, isiyoacha nafasi kati ya wanachama wake, nayo hufaa, mradi usichukue pointa ya mwanachama wake ukaitembeza kwingine.

Nina hakika kasti za namna hiyo, yaani kulazimisha pointa iwe ya aina nyingine, unazo nyingine. Onyo la -Wcast-align hukaa kimya ukikompaili kwa x86, hivyo tumia -Wcast-align=strict, iliyopo tangu GCC 8, kisha endesha majaribio yako kwa -fsanitize=alignment. Kwenye bodi, ukiwa root, andika 5 ndani ya /proc/cpu/alignment: kerneli itatoa onyo na kutuma SIGBUS, na gdb, zana ya kusaka makosa, itakuonyesha mstari wenyewe. Utashauriwa uandike 2 ili kerneli irekebishe yenyewe. Itarekebisha, lakini kwa kukatiza programu kila inapogusa anwani mbaya, na kosa litabaki kwenye msimbo wako.