Zuhura mwanangu, kamera usinunue bado

Zuhura mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza mimi na mama yako. Unauliza uanzie wapi kuonyesha vitumbua vyako mtandaoni, na kama ununue kamera na ile taa ya duara, maana video ya dakika nne uliyoweka TikTok watu hawaitazami.

Pesa ya kamera itunze. Simu uliyonayo inatosha. Kili Paul wa Lugoba na dada yake Neema walivuma mwaka 2021 TikTok kwa kufuatisha nyimbo za Kihindi kwa midomo wakiwa wamevaa Kimasai, hadi Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja kwenye kipindi chake cha redio. Ukifungua video yao, papo hapo unajua unatazama nini. Hilo ndilo video yako imekosa.

Nimeitazama mpaka mwisho. Ina kuloweka mchele, ina kusaga, ina bei, ina salamu za wateja, ina habari za ulivyohamia Dodoma. Hizo ni video tano. Video fupi hubeba jambo moja, na jambo hilo huamuliwa kabla simu haijashikwa. Unajua ninavyofanya kazi yangu ya harusi hapa Tanga: siingii ukumbini kabla sijakaa na familia nikajua bwana harusi anapita mlango upi na bibi harusi anashikwa mkono na nani. Tukio likishapita halirudi.

Chukua karatasi. Juu andika sentensi moja ya kile unachotaka mtazamaji aondoke nacho, kwa mfano: "Kitumbua changu hakinyonyi mafuta." Kama sentensi haiji, siku hiyo usirekodi. Chini yake orodhesha picha nne au tano, yaani vipande vifupi utakavyorekodi. Ya kwanza iwe ile inayovutia kuliko zote, na kwako naijua: pale unapochomeka kijiti pembeni, kitumbua kinageuka ndani ya kishimo cha kikaango, na upande uliokuwa chini unatokea juu umeiva, rangi ya kahawia, ukingo umekauka. Anzia hapo hapo. "Habari zenu wapendwa" iache, maana mtu anaamua kubaki au kupita kabla hujaimaliza. Kisha onyesha upawa ukimimina uji wa mchele, halafu kitumbua kikipasuliwa kwa vidole, matundu ya ndani yaonekane. Halafu kiweke juu ya karatasi nyeupe, ukiinue, tuone karatasi haikulowa mafuta. Picha hiyo ndiyo ushahidi wako, ikae muda mrefu kuliko zingine. Malizia na bei na mahali unapouzia. Yote isizidi nusu dakika.

Wakati wa kurekodi, futa lenzi kila mara, maana mvuke wa mafuta ukiganda juu yake picha inakuwa na ukungu. Simu isimame wima, uiegemeze kwenye kopo la unga lililojaa. Mwanga wa mlango uwe ubavuni mwako, usiwe nyuma yako. Gusa kikaango kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka kamera ya simu ishikilie umakini na mwanga hapo, la sivyo kila moshi ukipita picha itapauka. Mlio wa mafuta uache usikike. Maneno yako yarekodi baadaye chumbani, karibu na nguo zilizotundikwa, mwangwi utapungua.

Kukata na kuunganisha video, programu ya CapCut inatosha. Maandishi usiyaweke chini kabisa wala kulia, huko ndiko TikTok hupanga jina lako na vitufe vyake, na bei itafichwa. Hifadhi nakala safi kwenye simu kabla hujaiweka popote. Ukiipakua kutoka TikTok inakuja na nembo, na Instagram walitangaza mwaka 2021 kwamba Reels, yaani video zao fupi, zenye nembo ya programu nyingine hawatazipendekeza sana kwa watu. Nakala hiyo safi iweke pia YouTube na kwenye status yako ya WhatsApp. Hiyo status usiidharau. Watazamaji wa mbali watakutia moyo, lakini anayenunua kitumbua saa kumi na mbili asubuhi ni jirani yako, na namba yako anayo.

Kuhusu muziki: akaunti ya TikTok ukiigeuza kuwa ya biashara, nyimbo nyingi maarufu hutaziona tena, zinabaki zile zilizoruhusiwa kwa biashara. Tumia hizo. Msanii naye anaishi kwa jasho lake.

Sasa hili nakuomba kama baba. Watoto wanaotumwa vitumbua asubuhi wakiwa na sare, usiwaonyeshe. Sare inasema mtoto anasoma wapi, na video yako itasema anapita wapi saa ngapi. Nimeona mmoja kwenye video yako, uso wote uko wazi. Ifute leo. Mtu mzima muulize kwanza, akikataa zima simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo ningekuambia hivi hivi.

Weka mbili kwa wiki, usijichoshe. Zikikaa siku mbili fungua takwimu, utaona watu wanaondoka sekunde ya ngapi. Wakiondoka mapema kabisa, badilisha picha ya kwanza tu, vingine viache.

Karatasi yako ipige picha unitumie kabla hujawasha simu kurekodi. Ijumaa nina harusi Pangani, kwa hiyo ikinifikia Alhamisi nitakujibu usiku huo huo. Mama yako anasema habari ya iliki usiichanganye humo, ipe video yake peke yake.

Baba yako