Mbwa aliyekula sumu ya panya: akisimama, usimwachishe dawa

Mbwa akishachomwa sindano, akafumbua macho, akanywa maji na kutikisa mkia, nyumba nzima inashusha pumzi. Watu wanarudi kwenye shughuli zao, dawa zinabaki juu ya kabati. Mbwa wengi wanakufa katika kipindi hicho, na ninaandika haya kwa ajili ya mwenye mbwa aliyefikia hatua hiyo leo, awe Uyole kama mimi, Tukuyu, Makambako au Iringa mjini.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini karibu kila nyumba ni ghala. Mahindi yakivunwa yanaingia stoo au yanapandishwa darini, panya wanayafuata, na sumu inawafuata panya. Stoo hiyohiyo ina dawa ya kuhifadhia mahindi, dawa ya kupulizia viazi na nyanya, pengine na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mbwa akiugua ghafla kwenye nyumba ya namna hiyo, kujua amekula nini ni kazi. Popi wetu hakuna aliyemwona akila chochote. Tulichoona ni kwamba amekuwa mzito, hataki kucheza na watoto, anapumua kwa kujikaza, kisha damu ikaanza kudondoka puani. Nilipomwinua mdomo wa juu kwa kidole, fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi.

Daktari wa mifugo aliuliza kwanza kama kuna mtu aliyetega sumu ya panya, tena si leo wala jana, bali ndani ya wiki nzima. Swali hilo lina maana kubwa. Sumu nyingi za panya za siku hizi, zile za vipande au punje zilizotiwa rangi, kazi yake ni kuzuia damu isigande. Ini hutumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Sumu inaufunga mlango huo, na mwili unabaki kutumia akiba iliyopo. Akiba ikiisha, mbwa anaanza kuvuja damu, mara nyingi siku ya tatu hadi ya tano baada ya kula. Kabla ya hapo anakula na kubweka vizuri tu. Kwa hiyo ukimwona anaitafuna sumu, mpeleke siku hiyohiyo, usingoje dalili.

Daktari alichota damu kidogo, akaitia kwenye kichupa cha kioo, akakishika kiganjani ili kipate joto, akawa anakiinamisha kila baada ya muda. Damu ya mbwa mzima huanza kushikamana ndani ya dakika chache. Ya Popi iliendelea kutiririka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa wilaya zetu nyingi, ambako mashine za kupima kuganda kwa damu ya mnyama ni shida kupatikana, kipimo hicho kidogo ni msaada mkubwa, na una haki ya kumwomba daktari wako akifanye.

Tiba yake ni vitamini K1, na nasisitiza hiyo 1. Kwenye maduka ya dawa za mifugo utapewa kwa urahisi unga wa vitamini za kuku wenye vitamini K3, na muuzaji atakuambia ni kilekile. Sicho. K3 haiwezi kumwokoa mbwa aliyekula sumu hii. Unayoitaka wafamasia wanaijua kwa jina la fitomenadioni, na mara nyingi inapatikana kwenye maduka ya dawa za binadamu. Daktari ndiye atakayepiga hesabu ya kipimo kwa uzito wa mbwa. Ikishaingia, ini linahitaji saa kadhaa kutengeneza vigandishi vipya, kwa hiyo usikate tamaa usiku wa kwanza. Mbwa aliyepoteza damu nyingi mno anaweza kuhitaji kuongezewa damu ya mbwa mwenzake.

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike. Sumu za panya kama brodifakumu na bromadioloni hukaa ndani ya ini kwa wiki kadhaa, wakati vitamini K1 unayompa haikai muda mrefu. Ndiyo maana matibabu huchukua kama wiki tatu hadi nne, kila siku bila kuruka. Mbwa anachangamka siku chache za mwanzo, mwenye mbwa anaangalia bei ya dawa, anaangalia mbwa anavyokimbia uani, anaamua imetosha. Siku chache baadaye damu inaanza kuvuja tena, na safari hii inaweza kuvujia kifuani au tumboni, nje usione hata tone. Kama fedha ni tatizo, na najua ni tatizo, mwambie daktari mapema mpange namna ya kulipa, lakini dozi usiikatishe. Vidonge mpe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maana hufyonzwa vizuri zaidi. Na dozi ikiisha, siku mbili au tatu baada ya kidonge cha mwisho mrudishe damu ipimwe upya. Kama bado haigandi, anaendelea na dawa.

Wakati huo wote mbwa anatakiwa kutulia. Asikimbizane na pikipiki, asiruke ukuta, asifungwe kamba ya shingoni, asipewe mifupa migumu ya kumkwaruza fizi. Watoto wetu walipata shida kulielewa hili, kwa sababu Popi mwenyewe alikuwa anawaita wacheze. Ilibidi alale kwenye chumba cha nyuma, juu ya magunia makavu yaliyotandikwa nyasi, maana baridi ya Uyole mwezi wa sita si ya kumlaza nje mnyama aliyeishiwa damu. Asubuhi na jioni nilikuwa namfunua mdomo kuangalia fizi, na kuangalia kinyesi kama ni cheusi. Ukiona weupe umerudi, anakohoa, au mguu umevimba bila kuumia, usisubiri kuche.

Chakula nacho kina mtego wake. Mbwa wengi kwetu wanakula makombo: ugali uliochovywa kwenye mchuzi. Mchuzi huo una vitunguu, na vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, zilezile anazohangaika kuzirudisha. Popi alipikiwa chake: ugali laini, nyama au ini lililochemshwa, yai la kuchemsha, bila kitunguu wala viungo. Akichechemea au akilia, usimpe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini. Humletea vidonda tumboni na kuzidisha kuvuja damu.

Majirani watakuja na maziwa, mafuta ya kula na mayai mabichi. Bibi wa jirani yetu alifika na kikombe cha maziwa mkononi, amefunga kanga yake vizuri, ana huruma ya kweli. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, daktari amekataza kumnywesha kitu." Akaitikia, akakaa chini akampapasa mbwa kichwani. Mbwa aliyelegea akinyweshwa kwa nguvu, maziwa huingia mapafuni. Chumvi ya kumtapisha nayo inaweza kumuua yenyewe.

Kama dalili ni povu, mate mengi, kutetemeka na mboni za macho zilizosinyaa, tena ndani ya dakika au saa chache tu, hapo fikiria dawa za wadudu. Huko vitamini K haisaidii. Mbwa anahitaji dawa iitwayo atropini na mkono wa daktari haraka. Na ikiwa ni vidonge vile vya kufukizia mahindi, vikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi ya fosfini, na hata matapishi yake ni hatari kwa mtu. Fungua madirisha, watoe watoto. Kwa vyovyote vile, beba pakiti au chupa uende nayo. Ndiyo maana naumia kuona sokoni sumu zinauzwa zimefungwa kwenye vikaratasi visivyo na jina. Muuzaji wa namna hiyo anamnyima daktari jibu la kwanza analolihitaji.

Nyumbani kwetu sumu haitawanywi tena sakafuni. Inakaa ndani ya kipande cha bomba kilichofungiwa ukutani, juu, panya anaingia na mbwa hafikii. Panya waliokufa tunawaokota kila asubuhi na kuwafukia chini sana, kwa sababu mbwa akila panya wa namna hiyo kila mara, naye sumu inaweza kumpata.