Spesi moja ilivyonimezea picha za harusi

Jana usiku kijana mmoja alinitumia meseji, ati folda imekataa kufutika, rmdir, kamandi ya kufuta folda tupu, inamwambia kuna vitu ndani, nimpe kamandi ya kuimaliza. Sikumjibu hapo hapo. Hilo swali niliwahi kuliuliza mimi pia, na nikajibiwa haraka sana: rm -rf, yaani futa folda na vyote vilivyo ndani.

Enzi hizo nakaa Kahawa West, naedit picha za harusi kwa laptopu ya mtumba niliyotoa Moi Avenue, nimeitia Ubuntu, ile Linux, diski imejaa hadi haipumui. Saa saba usiku, macho mazito, nataka kufuta vitu vya folda inaitwa zamani. Nikaandika rm -rf zamani *

Umeiona hiyo spesi? Nilitaka zamani/* na kompyuta ikasoma vitu viwili: futa zamani, halafu futa kila kitu hapo uliposimama, na mimi nilikuwa nimesimama ndani ya folda ya mteja. Haikuuliza kitu, si -f ndiyo kuiambia isiulize, na rm haina habari ya kupeleka faili kwa pipa la taka kwanza. Laini mpya ikatokea, kimya kabisa, kama hakuna kitu kimetendeka.

PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, ilinirudishia kiasi, majina yote yamepotea, zingine nusu ya picha ni kijivu tu. Pesa nilirudisha kwa M-Pesa, hiyo iliisha. Mama ya bibi harusi ndiye sijamsahau, alinipigia, hata hakufoka, akaniuliza tu, "Mwanangu, hata ile ya babu yake haiko?" Haikuwa.

Sasa nyinyi mnaokopi kamandi bila kusoma, nisikizeni. Anza na ls zamani/*, ls inaorodhesha tu haifuti, uone kwanza ile nyota inashika nini, ndio ubadilishe ls iwe rm. Weka -I, ile herufi kubwa, itakuuliza mara moja kabla ya kufuta faili zaidi ya tatu au folda nzima. Na usiniambie umeweka alias, yaani ukiandika rm kompyuta inasoma rm -i inayouliza kwa kila faili, ati uko salama, ukiandika -rf hiyo f inaipiga chini. Mimi siku hizi natumia trash-put ya trash-cli, hiyo inapeleka faili kwa pipa la taka, nikikosea naenda kuokota. Na bakapu jamani, bakapu, fleshi ni bei gani?

Yote hayo nimemwandikia kijana asubuhi, meseji ndefu kama barua ya chifu. Amenijibu "sawa mzee". Mzee! Nina miaka 32.